Mtoto wa Papa na Maji ya Mkondoa

Fikiria jioni ya kawaida katika nyumba moja ya mji wa Kilosa. Mama amerudi kutoka sokoni na kipande cha papa mkavu kilichofungwa katika gazeti. Kabla ya kukibandika jikoni anakiloweka katika sufuria ya maji. Baada ya muda anayamwaga maji yale na kutia mengine. Anarudia tena, kisha anakamulia ndimu. Mtoto wake, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, anaziba pua na kuuliza, “Mama, mbona papa ananuka hivi? Kwani anaishi wapi?”

Mama wengi tungejibu, “Anaishi baharini, acha maswali yako,” kisha tungeendelea kukuna nazi. Lakini ndugu msomaji, swali la mtoto huyo ni zuri kuliko linavyoonekana. Harufu ile ambayo sisi tunaipiga vita kwa ndimu ni siri kubwa ya maisha ya papa. Na tukiifuata siri hiyo mpaka mwisho wake, tutajikuta tumerudi mahali tulipoanzia, yaani ukingoni mwa mto unaopita hapa hapa Kilosa.

Mfuko wa yurea

Wakulima wa mahindi na mpunga wa Kilosa wanaifahamu mbolea ya yurea. Huja katika mifuko, punje nyeupe, na ikikaa mahali penye unyevu hutoa harufu kali inayochoma pua. Basi papa naye amebeba yurea ndani ya mwili wake, katika damu na katika nyama.

Kwa nini? Maji ya bahari ni ya chumvi nyingi, na chumvi ina tabia ya kuvuta maji. Kila mama anajua kwamba ukinyunyiza chumvi juu ya matango yaliyokatwa, baada ya muda mfupi sahani hujaa maji. Ndivyo ambavyo bahari ingemfanyia papa. Ingeyanyonya maji ya mwili wake mpaka akauke akiwa humo humo majini. Ili kujilinda, papa haitupi yurea yote katika mkojo kama tufanyavyo sisi. Huihifadhi katika damu, pamoja na kemikali nyingine inayozuia yurea hiyo isimdhuru. Kwa njia hiyo damu yake inalingana na bahari, na maji yake hayanyonywi.

Papa anapokufa, vijidudu huanza kuivunja yurea hiyo na kuigeuza kuwa amonia. Ndiyo harufu inayomfanya mtoto azibe pua. Yurea huyeyuka katika maji, na hiyo ndiyo sababu bibi zetu wa pwani walifundisha kumloweka papa na kumwaga maji mara kadhaa. Hawakusoma kemia, lakini walikuwa na akili.

Papa anayeingia mtoni

Kutokana na hayo, papa walio wengi hawawezi kuishi katika maji baridi ya mto. Papa akiingia mtoni na damu yake yenye chumvi na yurea, mambo hugeuka. Badala ya maji kutoka mwilini, maji yatamwingia kwa fujo kupitia matamvua, na atavimba na kufa.

Lakini yuko mmoja aliyepewa uwezo wa kuishi kote kuwili. Wataalamu humwita Carcharhinus leucas. Wazungu wamempa jina la fahali kwa sababu ya mwili wake mnene, pua yake fupi iliyo butu, na ukaidi wake. Huko Msumbiji na Afrika Kusini wamemzoea kwa jina la papa wa Zambezi. Hapa tumwite papa fahali, ingawa jina lenyewe linachekesha, kwani hata jike naye anaitwa fahali, na jike ndiye mkubwa zaidi. Wengi hufikia urefu wa mita 2 hadi 3. Rangi yake ni ya kijivu mgongoni na nyeupe tumboni. Anapatikana katika bahari zenye joto duniani kote, na pwani yetu ya Afrika Mashariki ni sehemu ya makao yake.

Papa huyu anapokaribia mto hufanya kazi kubwa ndani ya mwili wake. Hupunguza yurea katika damu. Figo zake huanza kutoa mkojo mwingi mwepesi ili kuyafukuza maji yanayoingia. Tezi ndogo iliyo karibu na njia ya haja, ambayo baharini kazi yake ni kutoa chumvi ya ziada, hupunguza kazi ili chumvi isipotee. Anaporudi baharini, mambo yote hayo hugeuzwa tena. Ni kama mama anayebadili nguo kwa jinsi ya hali ya hewa, ila yeye hubadili damu.

Safari zake zimewashangaza wengi. Katika mto Zambezi amepatikana zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini. Katika mto Amazon, Amerika Kusini, amefika Iquitos nchini Peru, umbali unaozidi kilomita 3,500. Mwaka 1937 alivuliwa Alton, jimbo la Illinois, katikati ya Marekani, baada ya kupanda mto Mississippi. Na katika ziwa Nicaragua, Amerika ya Kati, walikuwapo papa ambao kwa miaka mingi wataalamu walidhani ni aina ya pekee iliyofungiwa ziwani. Baadaye papa wakawekwa alama, na ikaonekana kwamba ni hawa hawa, wanapanda na kushuka mto San Juan wapendavyo.

Je, anaweza kufika Kilosa?

Najua kuna mama amesoma hapo juu akajiuliza kama ni salama kufua nguo Mkondoa. Asiwe na hofu. Kilosa iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi mto wetu hupungua sana, ukabaki na mchanga mwingi kuliko maji. Mto wa kina kifupi namna hiyo si njia ya samaki wa mita 2. Katika mito ya bara letu, wa kuogopwa ni mamba na kiboko, na hao akina mama wa Kilosa na Mikumi wanawafahamu bila kufundishwa na gazeti.

Hata baharini kwenyewe papa si adui kama sinema zinavyomwonyesha. Ni kweli kwamba papa fahali ni mmoja wa papa watatu wanaotajwa zaidi katika ajali za kuuma watu, kwa sababu hukaa karibu na ufuko, katika maji machafu ambamo haoni vizuri, mahali ambapo watu nao huoga na kuvua. Lakini hesabu inayowekwa kila mwaka kwa dunia nzima huonyesha wastani wa visa kama 60 vya papa kuwauma watu bila kuchokozwa, na vifo kama 6. Ukiilinganisha hesabu hiyo na ya papa wanaouawa na binadamu, ambao ni mamilioni mengi kila mwaka, utaona wazi nani anapaswa kumwogopa mwenzake.

Mtoto mwenye kitovu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila mama atalielewa kuliko mtaalamu yeyote.

Samaki wengi hutaga mayai. Perege mmoja hutoa mamia ya mayai, na wako samaki wa baharini wanaotoa mamilioni. Mengi huliwa, machache huishi, lakini wingi wao hufidia hasara. Papa fahali hayuko hivyo. Yeye hubeba mimba. Watoto hukua ndani ya tumbo la mama, wakilishwa kupitia kitovu kilichoshikamana na kondo la nyuma, karibu kama ilivyo kwa binadamu. Mimba hiyo huchukua miezi 10 hadi 11, yaani inapita kidogo ile ya kwetu. Huzaa watoto wachache, mara nyingi 6 hadi 8, na hawazidi 13. Mtoto anapozaliwa ana urefu wa sentimita 60 hadi 80, ana meno tayari, anajua kuogelea tayari, na tumboni ana kovu la kitovu ambalo bado halijapona vizuri. Mvuvi akimtoa katika wavu na kumgeuza, kovu hilo huonekana kati ya mapezi ya mbele.

Mama yake hamnyonyeshi wala hamlindi. Akishazaa huondoka. Lakini tusiharakishe kumhukumu, kwa maana kazi yake ya malezi ameifanya kabla, katika kuchagua mahali pa kujifungulia. Jike wa papa fahali huacha maji makubwa na kuja pale mto unapoingia baharini, mahali ambapo maji ya chumvi na maji baridi yanachanganyika, penye matope na mikoko. Kwa nini pale? Kwa sababu adui mkubwa wa mtoto wa papa ni papa mkubwa, na papa wakubwa wa aina nyingine hawawezi kumfuata katika maji yasiyo na chumvi. Uwezo wa kubadili damu, ambao mtoto anazaliwa nao, ndio ukuta wa nyumba yake. Hapo hukaa miaka kadhaa akila samaki wadogo, kaa na kamba, mpaka apate nguvu za kwenda baharini.

Maji ya mahali hapo ni ya udongo, huoni mbali. Lakini yeye hahitaji kuona sana. Ana pua kali. Tena ana vitundu vidogo vingi kwenye pua na kuzunguka kinywa, vyenye utomvu ndani, ambavyo hutambua umeme mdogo mno unaotoka katika moyo na misuli ya kila kiumbe hai. Kaa aliyejizika matopeni akidhani amejificha, moyo wake unamsaliti.

Mwili wake wenyewe nao una mengi ya kushangaza. Papa hana mfupa hata mmoja. Mifupa yake ni gegedu, kitu kilekile kilicho ndani ya sikio lako. Meno yake yamepangwa kwa safu, la mbele likidondoka la nyuma linasogea, maisha yake yote. Hana kifuko cha hewa cha kumwelesha kama samaki wengine, bali ana ini kubwa lililojaa mafuta. Hayo mafuta ya papa ndiyo sifa, ambayo mafundi wa pwani wamepaka majahazi yao tangu zamani ili mbao zisiharibiwe na maji.

Safari ya maji yetu

Tumesema kwamba papa huyu huja kuzaa pale mto unapoingia baharini. Sasa tujiulize, mto huo umetoka wapi?

Chukua ramani ya mkoa wa Morogoro uweke kidole juu ya Kilosa. Maji ya Mkondoa yanatoka upande wa Dodoma, na katika milima ya Rubeho na Ukaguru, yanapita hapo mjini, na kuelekea tambarare za mashariki. Sasa weka kidole kingine juu ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Mto Mkata unaopita katika mbuga ile, ambao tembo na nyati hunywa maji yake, nao unashuka kuelekea kaskazini. Maji ya mito hiyo miwili hukutana na kuingia katika mto Wami. Wami unapita Dakawa, unapita chini ya daraja la barabara ya Chalinze kwenda Segera, na mwisho unaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kisha katika Bahari ya Hindi, mkabala na Unguja.

Pale Wami unapoishia kuna mikoko, kuna matope, kuna kamba wanaowapatia riziki wavuvi wa Saadani, na viboko na mamba wanaishi karibu kabisa na maji ya chumvi. Ni mahali pa namna ile ile ambayo papa fahali huitafuta kwa ajili ya watoto wake. Si yeye tu. Papa pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo, naye watoto wake hupenda maji mafupi yenye tope karibu na pwani. Samaki wengi tunaowala, pamoja na kamba, huanza maisha yao katika mikoko. Kwa maneno mengine, mlango wa mto ni chumba cha wazazi na shule ya chekechea ya bahari.

Na maji ya chumba hicho cha wazazi yametoka kwetu. Mama anayemwaga maji ya kufulia Mkondoa, mkulima anayelima mpaka ukingoni, kijana anayesuuza bomba la dawa ya nyanya mtoni, mchoma mkaa anayekata miti katika miteremko ya Ukaguru, wote wanatuma kitu Saadani bila kuandika anwani.

Wenyeji wa Kilosa hawahitaji kuelezwa jinsi mto unavyoweza kukasirika. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukaingia majumbani, ukawaacha maelfu ya watu bila makao, ukaharibu njia ya reli hata treni zisipite kwa miezi. Mlima usio na miti haushiki maji. Mvua ikinyesha, maji yote huteremka kwa pamoja yakiwa yamebeba udongo wa mashamba. Mvua ikikatika, mto hukauka upesi, kwa sababu hakuna kilichohifadhiwa.

Huko chini watoto wa papa, kamba na samaki wengine wanapata hasara pande zote mbili. Masika, tope likizidi huizika mizizi ya mikoko inayopumulia, na kuwafunika wadudu na kamba. Kiangazi, maji baridi yakipungua, chumvi ya bahari hupanda mtoni, na ule ukuta wa maji baridi unaomkinga mtoto wa papa unabomoka. Dawa za wadudu nazo haziulizi kama huyu ni funza wa nyanya au ni kamba. Kazi yake ni kuua.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Wengi wetu tukizihesabu tutajikuta tumesimama katikati ya matuta yetu ya mboga.

Mwenye watoto wachache hafi mara moja

Lakini tusimtwike mkulima mzigo wote. Hatari kubwa kuliko zote kwa papa ni nyavu na ndoana.

Tuifikirie hesabu yake. Uchunguzi uliofanyika Ghuba ya Mexico ulionyesha kwamba papa fahali jike hufikia umri wa kuzaa akiwa na miaka kama 18. Umri huo msichana wa kwetu anamaliza sekondari. Kisha hubeba mimba ya karibu mwaka mzima kwa ajili ya watoto wachache. Sasa wavu wa jarife ukiwekwa mlangoni mwa mto, unawakamata watoto kabla hata kovu la kitovu halijapona. Tunaweza kuvua dagaa kila mwezi na dagaa wakarudi, kwa sababu dagaa huzaa mapema na huzaa wengi. Papa hawezi. Kumvua papa kama dagaa ni sawa na kula mbegu tukitegemea kuvuna.

Ziwa Nicaragua limetuachia fundisho. Katika miaka ya 1970 papa wa ziwa lile walivuliwa kwa wingi kwa ajili ya biashara, hasa ya mapezi. Baada ya muda mfupi walipungua mno, na mpaka leo kumwona papa katika ziwa lile ni habari.

Biashara ya mapezi ndiyo iliyowasha moto. Mapezi hupelekwa Mashariki ya Mbali kutengenezewa supu ya karamu, na bei yake imekuwa kubwa kuliko ya nyama. Mwaka 2021 wataalamu wa dunia walitangaza kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa, taa na jamaa zao zimo katika hatari ya kutoweka. Papa fahali mwenyewe amewekwa katika kundi la walio hatarini. Novemba 2022, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Panama, ukoo wote wa papa huyu uliingizwa katika orodha ya viumbe ambao biashara yao kati ya nchi na nchi lazima iwe na kibali kinachothibitisha kwamba haitawamaliza. Utaratibu huo ulianza kutumika Novemba 2023, na Tanzania ni mmoja wa wanachama wa mkataba huo.

Hata hivyo hatuwezi kumnyooshea kidole mvuvi wa Bagamoyo au Pangani kana kwamba yeye ni mwizi. Naye ana watoto, ada ya shule na sufuria ya kujaza. Atavua kile ambacho sisi tunanunua. Mnunuzi ndiye mshika usukani, na katika nyumba nyingi mnunuzi huyo ni mama.

Turudi jikoni

Kwa hiyo, akina mama, yako mambo tunayoweza kuyafanya tukiwa jikoni, na la kwanza linahusu afya zetu wenyewe.

Papa anakula samaki, ambao nao wamekula samaki wengine wadogo. Katika ngazi hiyo sumu ya zebaki, ile ile inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu, hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa na kurundikana. Papa aliyeishi miaka mingi huwa na kiasi kikubwa. Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya katika nchi mbalimbali wanawashauri wanawake wajawazito, wanaotarajia kubeba mimba na wanaonyonyesha, pamoja na watoto wadogo, wasile papa. Zebaki inaweza kudhuru ubongo wa mtoto unaojengeka tumboni. Na tafadhali kumbuka kwamba kuloweka na ndimu huondoa harufu tu. Zebaki haitoki kwa kuloweka, kukaanga wala kuchemsha.

Mtu anaweza kusema, “Basi nitanunua papa mdogo, yeye hajakusanya sumu nyingi.” Ni kweli, lakini papa mdogo ni yule mtoto mwenye kitovu ambaye hajapata kuzaa. Kwa hiyo mkubwa si mwema kwa mwanao, na mdogo si mwema kwa bahari. Kilichobaki ni kumfanya papa awe chakula cha mara moja moja, kwa mtu mzima asiye mjamzito, na siku nyingine zote tuwatumie dagaa, perege au kambale. Dagaa wanaliwa wazima pamoja na mifupa yao, wana madini ya kujenga mifupa ya mtoto, na zebaki yao ni kidogo. Mama mjamzito asikose samaki. Achague tu samaki.

La pili linahusu mto. Tusifulie wala kusuuza vyombo vya dawa ndani ya mto. Tuchote maji, tufanyie kazi mbali na ukingo. Katika vikundi vyetu vya kina mama, ambavyo hukutana kwa ajili ya upatu na kusaidiana, hatushindwi kuweka siku moja ya kupanda miti kwenye ukingo ule wa mita 60. Tupande miti ya asili ya kando ya mito, na pale panaporuhusiwa, ya matunda. Majiko yanayotumia mkaa kidogo nayo yanaacha mti mmoja zaidi umesimama Ukaguru.

La tatu ni watoto wetu. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mtoto wa Mikumi hukua akimwona tembo kando ya barabara kuu, na anajua kwamba watalii hulipa fedha kumtazama. Tumfundishe pia kwamba Mkata anaouona ukipita mbugani una safari ya kwenda baharini, na mwisho wa safari hiyo wako viumbe ambao huenda asiwaone maisha yake yote, lakini wanaoishi kwa maji hayo.

Tumrudie sasa yule mtoto wa Kilosa aliyekaa kwenye kigoda. Mchuzi umeiva, harufu ya amonia imekwisha, imebaki ya nazi na bizari. Bado anasubiri jibu lake. Mama mwenzangu, ukiulizwa wewe swali hilo, usimfukuze. Mwambie hivi: “Mwanangu, papa anaishi baharini, lakini yuko mmoja anayezaliwa mlangoni mwa mto. Na maji anayozaliwa ndani yake, mengine yamepita hapa kwetu.”

Kesho yake asubuhi, akienda mtoni kuchota maji na ndoo yake, huenda akayatazama kwa macho mengine. Nasi je?